Mpelelezi na makoti ya mpiga pasi

Saa moja na nusu asubuhi, mlango wa chumba kilichokuwa stoo ya sabuni unafunguliwa kidogo na jicho moja linachungulia. Mwenye jicho hilo anataka kujua mgeni ni nani, ametumwa na nani, na kwa nini ameshika simu mkononi kama mtu anayerekodi. Mwandishi anajieleza. Mlango haufunguki zaidi. Anatoa kitambulisho, kinageuzwa mbele na nyuma, kinarudishwa, ndipo anaposogezewa stuli.

Humo ndani mna meza moja, kompyuta mbili, feni inayozunguka inapojisikia, na harufu ya dawa ya kung'arishia nguo ambayo imeganda ukutani miaka mingi. Upande wa pili wa ukuta mashine kubwa za kufulia zinaanza kunguruma. Mwanamke wa miaka thelathini na sita anaketi, anageuza skrini ili mgeni asiione, anafikiri kidogo, kisha anaigeuza tena ili aione.

"Hakuna siri," anasema. "Ni mazoea tu."

Katika kiwanda hiki, panapofuliwa mashuka ya hoteli na makoti meupe ya madaktari, hakuna anayemwita kwa jina lake. Wote wanamwita Mpelelezi. Alipata jina hilo enzi alipokuwa akishona vibandiko vya namba kwenye nguo, kwa sababu alihesabu pini zake kabla ya kwenda kunywa chai na kuzihesabu tena aliporudi. Mama yake, anayeishi naye pamoja na binti yake wa miaka tisa, anasema hata utotoni alikuwa akinusa maziwa aliyoyaona yakikamuliwa mbele yake.

Siku hizi kazi yake ni kuandika programu ya kompyuta inayojua kila nguo ya kiwanda iko wapi. Nguo ikitoka kwenye mashine inasomwa kibandiko, ikifika meza ya pasi inasomwa tena, ikifika kwa wafungaji inasomwa tena. Hakusomea kazi hii chuoni. Ameijulia hapahapa, kwa kuharibu na kutengeneza, na kuna mtu mmoja aliyelipia somo lake moja kwa gharama kubwa kuliko yeye.

Asubuhi hii anakata kipande cha Shangazi.

Shangazi ni faili moja refu la maagizo ya kompyuta, lililoachwa na fundi aliyemtangulia. Fundi huyo aliondoka bila kuaga, jambo ambalo Mpelelezi hajawahi kuliona kuwa la kawaida. Faili hilo lilifanya kila kitu: kupokea nguo, kuzihesabu, kutuma ujumbe hotelini, kupanga zamu, hadi kuwakumbusha madereva kujaza mafuta. Liliingia kila chumba bila kubisha hodi. Ukigusa hesabu ya mataulo, zamu za wafanyakazi zinavurugika. Ndiyo maana likabatizwa jina hilo, na kila mwenye shangazi wa aina hiyo alielewa bila kufafanuliwa.

Aliyelibatiza ni Mwalimu, mtaalamu wa programu anayekuja kiwandani Jumanne na Alhamisi. Mpelelezi alipomwona mara ya kwanza, zamani hizo bado yuko na sindano, alimtia shaka papo hapo. Mwanamume mzima anakaa kutwa akibonyeza vitufe, hatoki jasho, na mwisho wa siku meneja anamshukuru. Akaanza kumpelekea chai ili aone anachofanya.

Chai ya kwanza hakuelewa kitu. Chai ya pili aliuliza kwa nini namba za mataulo zinajua mambo ya zamu. Mwalimu aliacha kubonyeza, akamtazama, akamwambia na yeye amekuwa akijiuliza hivyohivyo.

Akaanza kujifunza. Mwalimu alimpa video za kutazama kwenye simu, na nusura zimkatishe tamaa. Kila mtaalamu katika video hizo alieleza namna ya kujenga programu kwa vitu vinavyoshirikiana, na wote walianza na wanyama. Mbwa ni mnyama, paka ni mnyama, mbwa anabweka, paka analia.

"Nilijua mbwa ni mnyama kabla sijaanza shule," anasema. "Nikadhani wananificha kitu. Nikasema lazima somo lenyewe linauzwa pembeni."

Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamwambia aachane na mbwa, afungue mlango atazame nje. Aliona ukumbi wa kufulia, meza ya pasi, na wafungaji wakiwa na karatasi zao za nailoni. Mwalimu akamuuliza kama mpiga pasi huwa anakwenda kuwauliza wafuaji wametumia sabuni gani. Hawaulizi. Anapokea koti kavu, anatoa koti lililonyooka. Basi, na programu ijengwe hivyo. Kila kitu kiwe na kazi yake moja, siri zake zibaki ndani, na anayekihitaji apitie mlangoni, asiingie dirishani.

Kwa mtu wa tabia yake, ile ilikuwa habari njema kupita kiasi. Maisha yake yote amekuwa akisemwa kwa kutoamini watu, na sasa anaambiwa kuna kazi ambayo kutoamini ndiyo ustadi wenyewe.

Tangu hapo walikwenda kwa mtindo mmoja. Yeye anakata kipande kidogo cha Shangazi, anakijenga upya peke yake, Mwalimu akija anakiharibu makusudi ili kuona kitaangukia upande gani. Kikianguka vibaya, anarudia. Wiki nyingine alirudia kipande kilekile mpaka binti yake akamuuliza kama na yeye amefeli mtihani.

Makosa hayakukosekana. Alipojifunza kwamba kitu kinaweza kurithi tabia za kingine, alilewa. Kila kitu akakifanya mtoto wa Nguo: shuka, taulo, koti, mfuko wa kubebea, hata toroli. Mambo yalikwenda vizuri hadi asubuhi moja programu ilipopanga toroli lifuliwe kwa maji ya moto, na mfuaji mmoja mwenye utani akalisukuma hadi mlangoni mwa mashine na kuuliza amimine sabuni kiasi gani. Mpelelezi anakiri kwamba siku hiyo alikula chakula chake chooni ili asikutane na mtu.

Baada ya mwaka na ushee, meneja akamtoa kwenye sindano rasmi na kumpa stoo ya sabuni iwe ofisi. Mshahara wake ni karibu mara mbili ya ule wa zamani, na kwa maelezo yake bado unaishia tarehe ishirini, sema sasa unaisha kwa heshima.

Mtu aliyefurahi kuliko wote siku hiyo alikuwa Mzee Pasi.

Huyu ni mpiga pasi wa mkono, wa pekee aliyebaki. Mashuka yanapita kwenye mashine ya kunyoosha, lakini makoti ya madaktari yana kola, mifuko na vifungo, na mashine huyatafuna. Yanakwenda kwake. Ana miaka sitini na mmoja, na thelathini kati ya hiyo ameimalizia nyuma ya meza ileile. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yake Mpelelezi. Mume wa Mpelelezi alipokwenda kutafuta kazi mbali na simu yake ikaacha kupatikana, ni Mzee Pasi aliyemshika mkono akampeleka kwa meneja na kusema huyu ni mtoto wangu, mpeni sindano, nitajibu mimi akikosea.

Ndiye pia aliyemfundisha kutoacha meza wazi. Miaka ya nyuma, mtu aliunguza kitambaa cha meza cha hoteli na kukiandika kwa namba ya Mzee Pasi, mzee alipokuwa amekwenda kunywa maji. Alikatwa mshahara miezi mitatu. Tangu hapo haondoki mezani bila kufunga kila kitu. Skrini za kusomea vibandiko zilipoletwa mezani, wenzake wote waliziacha zikiwaka kutwa nzima. Yeye akiinuka tu, hata kwenda msalani, anaifunga yake. Akirudi, anaifungua.

Miezi minne iliyopita, Mpelelezi alifika mahali ambapo Shangazi alikuwa na tabia mbaya kuliko zote. Kila baada ya muda mfupi alizunguka meza zote kuuliza kuna jipya, kuna jipya, hata kama hakuna nguo iliyosogea. Kompyuta zilikuwa nzito mpaka wafungaji wakawa wanazipiga makofi.

Mwalimu akamfundisha njia nyingine. Badala ya mmoja kuzunguka akiuliza, kila anayehitaji habari ajiandikishe kuwa msikilizaji. Koti likisomwa kibandiko, linatangazwa mara moja, na walioandikishwa wanasikia. Mpelelezi aliipenda njia hiyo kwa moyo wote. Aliiandika peke yake kwa siku nne, Mwalimu akajaribu kuiharibu akashindwa, akapitisha. Kompyuta zikawa nyepesi. Meneja alimsifu mbele ya watu.

Na kwa sababu sasa habari zilikuwa zinafika zenyewe, Mpelelezi akaongeza kitu ambacho hakuna aliyemwagiza: ripoti ya kulinganisha. Meza imepokea nguo ngapi, meza imetoa ngapi. Pasipolingana, mstari unakuwa mwekundu.

Wakati huohuo hospitali moja ilikuwa imelalamika kwamba makoti sita hayajarudi. Meneja, mwanamke mkimya anayevaa miwani kwa ajili ya kutazama watu zaidi kuliko karatasi, aliomba ripoti ile. Mpelelezi akaifungua mbele yake. Meza zote zilikuwa sawa. Meza moja tu ilikuwa nyekundu.

"Moyo uliniruka," anasema. "Lakini sitakudanganya, haukuruka kwa kukataa. Uliruka kama mtu aliyeshika kitu."

Meza ya pasi ya mkono ilipokea makoti mengi kuliko iliyotoa. Siku hiyo pengo lilikuwa la makoti kumi. Kesho yake nane. Siku iliyofuata kumi na mawili. Ilikuwa hivyo kila siku, na pengo lilianza tangu wiki ileile ripoti ilipoanza. Ukiisoma sentensi hiyo leo, unaweza kujiuliza kwa nini hakuna aliyeshtuka. Meneja alisema inaonekana mzee ameanza kuiba karibuni.

Shaka ikishaingia mahali, haikosi chakula. Hospitali haikulalamikia makoti mengi kiasi hicho. Meneja akasema hospitali hawajui kuhesabu. Mlinzi wa getini, anayepekua kila mfuko, hakuwahi kukamata koti. Basi na mlinzi ni mwenzake. Mzee Pasi alikuwa amenunua viatu vipya. Hela katoa wapi. Viatu hivyo, ilikuja kujulikana baadaye, alinunuliwa na mkwewe.

Mpelelezi alianza kumkwepa. Mzee alipomuuliza mbona siku hizi haji kukaa mezani kwake saa ya chai, alisingizia kazi. Alianza kumtazama kwa pembeni akitembea, aone kama nguo zake zimekaa vibaya. Alilinganisha uso wake wa Jumatatu na wa Ijumaa. Alifikia mahali pa kukumbuka mambo ya zamani, kwamba siku ile alipompeleka kwa meneja, labda alikuwa akijitafutia mtu wa ndani.

Kisha siku moja, wakitoka pamoja getini, akamwomba mzee amwonyeshe mfuko wake. Alisema kwa kicheko, kama mzaha, kwamba anataka kuona leo amebeba mboga gani.

Mzee Pasi alisimama. Akaweka mfuko chini, akafungua zipu, akatoa kopo la chakula, kijiko, kitambaa cha jasho na kasha la miwani, kimoja kimoja, akavipanga juu ya ukuta mfupi wa geti. Halafu akaugeuza mfuko ndani nje. Mpelelezi alicheka peke yake. Mzee alivirudisha vitu vyake bila haraka, akamtakia jioni njema, akaenda.

Meneja alitoa uamuzi wiki iliyofuata. Ijumaa Mzee Pasi angeitwa ofisini na kuondolewa kazini kwa wizi. Anayeondolewa hivyo hapewi kiinua mgongo, kwa hiyo miaka thelathini ingekwenda na maji ya kufulia. Mpelelezi aliagizwa awe ofisini siku hiyo, na ripoti yake ikiwa wazi.

Jumanne jioni, wakati wa kula, alimweleza mama yake. Mama huyo amelala hospitali mara mbili na anayajua makoti ya madaktari kwa uzito wake. Alitafuna, akameza, akauliza ni makoti mangapi kwa siku. Akaambiwa kumi, siku nyingine kumi na mawili.

"Anatoka nayo vipi?" mama akauliza. "Anavaa? Anaingia mwembamba anatoka mnene, na hakuna anayeona?"

Binti alicheka hadi akapaliwa. Mpelelezi hakucheka. Anasema katika mashaka yake yote hakuwa amejiuliza swali hilo la kijinga.

Jumatano hakwenda chumbani kwake. Alichukua kiti na kikapu cha vibandiko, akaenda kukaa ukumbini, hatua chache kutoka meza ya Mzee Pasi, akijifanya anachambua. Anakubali kwamba hata hapo alikwenda ili amkamate. Alitaka kuona kwa macho yake namna anavyofanya.

Alihesabu kila koti lililofika mezani na kila lililoondoka. Mzee alijua anahesabiwa. Alipiga pasi kola, mikono, mifuko, akatundika, akachukua jingine.

Hadi saa ya chai, hesabu ya Mpelelezi na ya skrini zilikuwa sawa. Mzee akaifunga skrini yake, akaenda kunywa chai, akarudi akaifungua. Yakaja makoti matatu. Mpelelezi akaandika matatu kiganjani. Akasogea na kuchungulia skrini. Ilikuwa imeongeza sita.

Alidhani macho yamemdanganya. Akasubiri. Mchana mzee akafunga, akaenda kula, akarudi akafungua. Likaja koti moja tu, la daktari fulani mfupi, mikono imekunjwa. Mzee akalisoma kibandiko. Skrini ikaongeza matatu.

"Nilikiweka kikapu chini," anasema. "Nilimwangalia yule mzee na pasi yake, nikaangalia skrini, nikajua kati yao nani mwizi. Na mwizi nilimwandika mimi."

Kosa lenyewe ni la kawaida kwa watu wa kazi hii. Kila skrini ya meza ilipofunguliwa, programu iliandikisha msikilizaji wa kuongeza hesabu ya nguo zilizopokelewa; zilizotoka zilihesabiwa kwa wafungaji, ambao skrini yao haifungwi. Skrini ilipofungwa, Mpelelezi hakuwa ameandika popote kwamba msikilizaji yule aondolewe. Alibaki humo, haonekani, masikio wazi. Skrini ikifunguliwa tena, anaandikishwa wa pili. Koti likitangazwa, wote wawili wanasikia na kila mmoja anaongeza moja. Mwalimu hupenda kueleza hivi: mwandikishe jirani mmoja mara tatu kwenye orodha ya wanaopewa habari za msiba, atapigiwa simu mara tatu, na akiwa mzito wa kuelewa atadhani wamekufa watatu.

Meza nyingine hazikuwa na tatizo kwa sababu wenyewe waliacha skrini wazi kutwa. Asubuhi mfumo huwashwa upya, wasikilizaji wote wanafutika, na ndiyo maana makoti ya asubuhi, yaliyo mengi, yalihesabiwa sawasawa. Ni yale machache ya baada ya chai yaliyozaana. Katika jengo zima, mtu pekee aliyefuata uangalifu wa kufunga meza yake ndiye aliyeonekana mwizi.

Mwalimu alipooneshwa Alhamisi, alijikuna kichwa muda mrefu. Alikuwa ameijaribu programu ile kwa kila namna ya fujo, lakini hakufikiria mtu mwadilifu anayefunga na kufungua. Alisema lawama waigawane. Mpelelezi hakukubali kugawana. Alikwisha kumshuku mzee, mlinzi, mkwe wa watu, na kwa nusu saa hivi alimshuku hata Mwalimu kwamba aliliacha kosa lile makusudi. Maandishi yake mwenyewe hakuwahi kuyatupia jicho.

Ijumaa ofisini, mambo hayakuwa mepesi. Meneja alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema kila mtu anajua nani alimleta nani kazini hapa, na inaonekana leo mtoto amekuja kumkingia baba kifua. Mzee Pasi alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono nyuma.

Mpelelezi aliomba koti moja. Akafungua skrini ya meza ya pasi, kisha akaifunga na kuifungua tena mara tatu. Akasoma kibandiko mara moja. Hesabu ikaongeza manne.

Meneja akalichukua koti, akaligeuza, akatia mkono mifukoni mwake kana kwamba mengine matatu yamejificha humo. Akaagiza koti jingine, alilolichagua mwenyewe kwenye toroli. Akakalia kiti, akafungua na kufunga kwa mkono wake, bila mtu mwingine kuigusa. Akasoma kibandiko. Hesabu ikaongeza mengi kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa wasikilizaji walikuwa wameongezeka.

Akavaa tena miwani. Mwisho meneja alimwambia mzee arudi kazini. Hakusema samahani. Mzee aliitikia vizuri, akachukua makoti yote mawili akayaweka mkononi ili yasikunjamane, akatoka.

Mpelelezi alimfuata koridoni. Aliyokuwa ameyapanga kusema yote yalimpotea. Akaanza kumweleza habari za wasikilizaji, namna wanavyoandikishwa, namna alivyosahau kuwaondoa, kwamba sahihisho ameshaliandika, ataliweka jioni hiyo na mashine haitarudia. Mzee alimsikiliza mpaka pumzi ikamwishia.

"Mashine nimeisamehe," akasema. "Hainijui. Wewe unanijua."

Akaenda mezani kwake.

Tangu siku hiyo imepita miezi mitatu. Makoti sita ya hospitali hayajaonekana hadi leo, na ukimuuliza Mpelelezi atakwambia kwa sauti ya chini kwamba ana mawazo yake kuhusu dereva mmoja, kisha atajikatiza mwenyewe na kusema hapana, hana ushahidi. Kujikatiza huko ni kupya. Mama yake anasema bado kunamtoka kwa shida, kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto.

Kazini amebadilisha mengi. Hakuna msikilizaji anayeandikishwa siku hizi bila kuandikiwa pia siku yake ya kuondoka. Kila kipande anachojenga anakipa kipande kingine cha kukichunguza, kinachofungua na kufunga ovyo, kinachosoma koti moja mara mbili, kinachofanya ukaidi wote anaoweza kuuwaza. Ripoti yake ya mistari myekundu ameifuta na kuiandika upya. Sasa anayebonyeza namba yoyote anaoneshwa ilivyopatikana, nguo kwa nguo, na kila mfanyakazi anaruhusiwa kuifungua ya meza yake. Meneja hakuipenda ruhusa hiyo. Mpelelezi alimjibu kwamba hataandika tena kitu cha kumshtaki mtu ambacho mshtakiwa hawezi kukisoma, na akiona haifai amrudishe kwenye sindano. Hajarudishwa.

Shangazi amebaki robo. Mwalimu ana mpango wa kupunguza siku zake kiwandani, na ifikapo mwisho wa mwaka Mpelelezi anatarajia kuwa amemaliza kumkata na kuushika mfumo wote peke yake. Ameanza pia kumwonyesha mfungaji mmoja, mama wa watoto wawili, jinsi ya kujenga vitu vidogo. Somo la kwanza alilompa ni la toroli.

Mzee Pasi bado anapiga pasi. Wakikutana wanasalimiana, anaulizia hali ya mama na mtoto, anajibiwa, anapita. Hamnyimi salamu, na hilo ndilo linalomuumiza Mpelelezi, maana angenuniwa angejua pa kuanzia. Saa ya chai mzee anakunywa na wafuaji.

Kupitia ukuta, wakati mwandishi anafunga daftari lake, mashine zinanyamaza kwa mapumziko. Mpelelezi anasikiliza, mkono uko juu ya meza, hainui macho. Anasema Jumapili hii atakwenda nyumbani kwa mzee. Amemwomba mama yake amsindikize, kwa sababu jambo lenyewe limekuwa la kifamilia, na mama amekubali kwa sharti kwamba asitaje neno kompyuta hata mara moja.

Mwandishi anamuuliza atasema nini basi.

"Mama ataanza, mimi nitakaa chini nisubiri," anasema. "Najua ataniuliza nilimshuku kwa sababu gani. Nimetafuta jibu miezi mitatu, na kila nikilipata naona ni la kujitetea. Nitamwambia ukweli, baba, sikuwa na sababu."